Watu wa kwa Mdoe

Kwamdoe, jirani na Kwamsisi
8 Septemba 2024

Dada yangu Mwantumu,

Shikamoo, na Assalaam alaikum. Huku tu wazima, isipokuwa mama Ikram goti linamsumbua kila akishuka bondeni kuteka maji, na mbuzi mweusi amezaa mapacha akamkataa mmoja. Ikram naye amejifungua mtoto wa kike huko kwa mumewe Kabuku. Jina wameshampa, ila bado wanagombana kama ndilo. Tangu arobaini ya shemeji Muhsin, Mungu amrehemu, hatujaonana, na mimi huwa nakukumbuka hasa jioni wakati wa kula.

Utashangaa nimekuandikia barua wakati simu ninayo. Simu sina. Yaani ipo, lakini si yangu tena. Inakaa kwa Sabiri, mwenyekiti wa kitongoji, na mchana inapandishwa juu ya kichuguu pale mtandao unaposhika, watu wanailinda kwa zamu. Ukiipiga atapokea mtu akwambie umepiga ofisi ya Mdoe. Usibishane naye. Barua hii nimempa Dominiko wa machungwa, ambaye hupita Mkata na Korogwe mpaka Mombo, na amesema Mazinde atafika.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa nane alikuja bwana mmoja kutuandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mgeni kabisa, katoka mikoa ya mbali, ana kishikwambi na adabu nyingi. Akakaa kwenye banda la ghala, sisi wakulima sitini na tatu tukapanga foleni. Kila mtu akifika mbele anamuuliza, "Mzee wangu, shamba liko kwa nani?" Nawe unatujua. Sisi tukasikia anauliza shamba liko wapi. Tukamjibu, Kwamdoe. Akaandika. "Na wewe ni nani hapo?" Mtu wa Kwamdoe. Akaandika. Namba ya simu? Wote wakataja yangu, maana ndiyo yenye betri isiyokufa. Tulimaliza kabla ya adhuhuri, wazee wakamsifu kwamba hawajawahi kuandikishwa na mtu mwepesi kiasi kile.

Wiki ya pili ukaingia ujumbe: Ndugu MDOE, umesajiliwa, ekari 214, namba yako ya mkulima ni hii. Mimi nikaona ni wale matapeli wa kusema pesa uitume kwenye namba nyingine. Nikaufuta. Ukaja wa pili, nikaufuta na huo. Ndipo Sabiri akaenda Mkata kwa wakala wa mbolea. Wakala akalitafuta jina la Sabiri, hakuliona. Akatafuta la jirani yake, hakuliona. Akafungua kitongoji kizima akakuta mkulima mmoja tu: Mdoe, ekari mia mbili na kumi na nne, vibarua sitini na tatu. Sabiri aliporudi akaniuliza ile namba ya mkulima iko wapi. Nikamwambia nimeifuta. Simu ikachukuliwa palepale kungojea ujumbe mwingine, mke wangu akiangalia.

Sasa bila Mdoe hatupati hata mfuko mmoja kwa bei ya ruzuku, na bei ya dukani hapa hakuna anayeiweza. Wewe ndiwe mkubwa uliyebaki kwetu. Marehemu mama aliwahi kukwambia huyu Mdoe alikuwa nani?

Ni mimi mdogo wako,
Muhidini Sadala


Mazinde
29 Septemba 2024

Muhidini mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika zikinuka machungwa. Huku mkonge ni uleule na jua ni lilelile. Wifi yangu Bernadina ni mzima na anakusalimu, na mwanawe Richard amepata kazi kiwandani kwenye katani, sasa anatembea kifua mbele. Mimi nimehamia chumba cha nyuma. Kina hewa nzuri.

Nilipokuwa naisoma barua yako Bernadina alidhani nimeletewa habari za msiba, maana nilijifunika upande wa khanga usoni nikawa natetemeka. Nilikuwa nacheka. Nikamsomea, naye akacheka mpaka akaenda kukaa nje. Watu sitini na tatu wenye akili zao mnapanga foleni, mnamkabidhi marehemu mashamba yenu, kisha mnamsifu mwandishi kwa wepesi.

Mama aliniambia habari za Mdoe. Alikuwa mpita njia. Alikuja kuomba moto wa kuwashia kiko, akaambiwa subiri kidogo, akasubiri miaka thelathini. Alikuwa anatega kwale. Watu wakawa wanasema naenda kwa Mdoe kutafuta kwale, mahali pakabaki na hilo jina. Hajawahi kulima hata tuta moja la viazi. Alikufa hivyohivyo, na kaburi lake hakuna anayelijua. Huyo ndiye mkulima wenu mkubwa.

Lakini kuna jambo umeliruka, Muhidini. Ndani ya hizo ekari mia mbili na kumi na nne zimo mbili za bondeni, alizonipa mama mbele yako na mbele ya baba. Unazilima wewe kwa kuwa mimi niko mbali, nami sijawahi kukudai hata gunzi. Ulipofika mbele ya yule bwana wa adabu ulisema kuwa zile ni zangu? Hukuandika. Nauliza tu.

Msalimie mama Ikram. Goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi, na maji ya bondeni ateke mtu mwingine.

Dada yako,
Mwantumu


Kwamdoe
3 Novemba 2024

Dada Mwantumu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki tatu kwenye tenga la Dominiko. Chungwa moja lilioza juu yake, kwa hiyo maneno mengine yamefutika, hasa yale ya mwisho. Ya kwanza nimeyasoma vizuri sana. Goti tumelikanda. Mbuzi aliyekataliwa tunamnywesha kwa chupa, sasa anadhani mama Ikram ndiye mama yake na anamfuata mpaka msikitini.

Nilimsomea Sabiri habari za Mdoe na kwale. Alikasirika. Kasema historia ya namna hiyo isitoke nje ya kitongoji mpaka mbolea ipatikane.

Tulikwenda wilayani watu watano. Tukamwambia ofisa, bibi mmoja anaitwa Efrazia, mpole lakini hayumbi, kwamba Mdoe hayupo. Akauliza amekwenda wapi. Tukasema hajaenda popote, ni jina la mahali. Akatazama kwenye mashine yake, akasema mahali hapawezi kuwa na vibarua sitini na tatu. Tukamwomba amfute. Akasema anayeweza kumfuta mkulima ni mkulima mwenyewe, afike na kidole chake. Tukasema basi amekufa. Akatupa pole, akasema tulete cheti cha kifo. Tukaenda kwenye vyeti vya vifo, huko wakataka tarehe ya kuzaliwa. Sabiri akasema hatuijui. Wakauliza sasa mna hakika gani kama alizaliwa? Dada, tukaaga. Tulirudi nyumbani hatujui tumfanye nini mtu ambaye hazaliwi wala hafi.

Habari zake zimekuwa nyingi mno huku. Juzi kwenye kikao cha kupendekeza majina ya uchaguzi wa kitongoji watu wanne walimpendekeza Mdoe. Wakaambiwa hayupo, wakajibu kwamba hata huyu aliyepo haonekani. Sabiri hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Basi mkutano ukakaa na kuamua kwamba, kwa kuwa serikali inamtaka Mdoe, apatikane Mdoe. Walipatikana wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Mdoe Kilo wa ng'ambo ya kijito, akasema yeye ni Mdoe tangu kuzaliwa na kitambulisho chake kinasema hivyo. Watu wakamkataa kwa sababu hiyohiyo, kwamba akipewa ekari mia mbili kwa jina lake halali hatazirudisha. Wa pili ni mimi. Wakaona simu iliyoandikishwa ni yangu, na kila mtu anajua kwamba mimi si Mdoe, kwa hiyo siwezi kuwadhulumu. Sikutaka. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikaona nawavunjia heshima.

Mambo ya bondeni tutazungumza tukionana.

Mdogo wako,
Muhidini, ambaye kwa sasa ni Mdoe


Mazinde
1 Desemba 2024

Mheshimiwa Mdoe,

Shikamoo zako nimezipokea, ingawa mtu wa miaka yako mia moja na ushee alitakiwa kupokea zangu. Huku ni wazima. Richard amemaliza kuezeka chumba cha mbele, kipya, bati linang'aa mpaka barabarani. Mimi bado niko kile cha nyuma. Siku hizi kuku wa Bernadina nao wanalala humo kwa sababu ya kicheche, lakini hawana fujo, isipokuwa mmoja.

Kwa hiyo mwenye jina la Mdoe mmemkataa kwa kuwa ni Mdoe kweli. Nimemsomea Bernadina, akasema watu wa Handeni mnafaa mwekwe mahali watoto waje kuwatazama. Nikamtetea. Ni watu wetu, siwezi kuwaacha wasemwe, hata kama yanayosemwa ni kweli.

Maneno ya mwisho ya barua yangu, yale yaliyoozewa na chungwa, nayarudia hapa. Dominiko nimemwapisha kuibeba barua hii mfukoni mwa shati. Muhidini, ekari mbili za bondeni ulizoachiwa uzilime, umeziandikisha kwa jina la nani? Nijibu kwa sentensi moja. Usinichanganyie na mbuzi.

Sikuandikii haya kwa ugomvi. Mtu akifika umri wangu anataka kujua kuna mahali gani ambapo akiweka jembe chini hakuna wa kumuuliza.

Mwantumu


Kwamdoe
12 Januari 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Sentensi uliyoitaka ni hii: zimeandikishwa kwa jina la Mdoe, kama mashamba mengine yote.

Sasa nikueleze tulipofika. Nimekuwa mtu mkubwa bila kupenda. Wazee walionizidi wananiamkia. Juzi ng'ombe za Sabiri ziliingia kwenye mahindi ya watu na waliyemlalamikia ni mimi, eti shamba ni langu. Mama Ikram ananiuliza kama Mdoe ana mke mwingine, nami namjibu kwamba kwa kweli hatuna habari zake za ndani.

Mwezi wa kumi na mbili nikaitwa semina ya wakulima wakubwa, Korogwe. Walinitumia gari. Nilitaka kukataa, lakini Sabiri akasema Mdoe akianza kukosa vikao watamshuku. Nikakaa meza ya mbele na watu wa mkonge na wa mpunga, wenye matrekta. Wakaniuliza siri ya kuendesha ekari mia mbili na kumi na nne bila trekta hata moja. Nikasema nashirikiana vizuri na vibarua wangu, kila mmoja namwachia kipande chake afanye anavyotaka. Wakaandika. Mmoja akauliza mavuno wanagawanaje. Nikasema wanachukua yote. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nimepewa cheti, kofia na fulana. Fulana inanibana.

Namba ya mkulima bado hawajairudisha. Bi Efrazia anasema kitambulisho changu kimeandikwa Muhidini na mashine inamtaka Mdoe. Nikamwambia Mdoe ni jina langu la nyumbani. Akasema sawa, hilo linakubalika kwa sharti moja: aje ndugu wa damu aliyenizidi umri, ashuhudie mbele ya watu kwamba utotoni nilikuwa naitwa Mdoe. Uhakiki utakuwa tarehe 18 Februari, hapahapa ghalani. Ndugu wa damu aliyenizidi umri, dada, duniani nimebaki naye mmoja.

Nauli kitongoji kimechanga, anayo Dominiko. Njoo useme neno moja tu. Masika yakianza bila mbolea ya kupandia, mwaka huu hapa watu watakula makopa ya muhogo mpaka wayachukie.

Mdogo wako anayekutegemea,
Muhidini


Mazinde
2 Februari 2025

Muhidini,

Sentensi yako nimeisoma mara nyingi. Ni ya kweli na haina kitu ndani.

Sasa nakuuliza kwa njia nyingine. Yule bwana alimuuliza kila mtu ukubwa wa shamba, la sivyo asingepata hesabu ya mia mbili na kumi na nne. Shamba lako ulilorithi kwa baba ni ekari tatu. Ulipofika mbele yake, ulisema yako ni ekari ngapi? Usiniandikie jibu. Ukae nalo hukohuko.

Nami nikwambie jambo nililokuwa nakuficha. Chumba cha nyuma hakina hewa nzuri. Ni stoo. Richard anaoa baada ya Pasaka, na Bernadina, ambaye ni mtu mwema na hajanitamkia neno baya, ameanza kupima stoo kwa hatua zake, anatembea kutoka ukutani hadi mlangoni akihesabu. Nyumba ni ya kwao na Muhsin hayupo. Nilikuwa nangoja uniambie bondeni kupo, nije. Hukusema.

Nitakuja tarehe 18. Sijaahidi nitasema nini.

Mwantumu


Kwamdoe
23 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika nimefunga, kwa hiyo mwandiko ukipinda ni njaa. Siyo njaa peke yake.

Uliondoka siku ile bila kunywa hata maji. Mama Ikram alikuwa amechinja. Nilikukimbilia mpaka njia panda, pikipiki ikawa imeshakuchukua, nikabaki pale na fulana yangu ya semina watu wakinitazama. Na wewe hujaandika tangu siku ile, wiki ya tano hii. Kwa kuwa hatujapata kuliongea, nitaliandika lilivyokuwa, ili kama nimelielewa vibaya unisahihishe.

Bi Efrazia alikuuliza mbele ya kitongoji kizima, "Mama, huyu ni nani wako?" Ukasema ni mdogo wako. "Utotoni aliitwa nani?" Ukanitazama. Sabiri alikuwa ameshika tasbihi, nami naona midomo yake inakwenda. Ukasema, "Aliitwa Mdoe. Hajabadilika, alikuwa hivihivi, mtu wa kukaa kwenye mambo ya watu." Watu wakashusha pumzi. Nilitamani kukukumbatia.

Halafu Bi Efrazia akasema fomu inataka kujua kama shahidi naye ana shamba hapa. Ukasema, "Ninalo. Ekari mbili bondeni, alinipa mama." Akaandika. Kisha akanigeukia mimi, kidole changu kiko juu ya mashine, akasema, "Mdoe, unakubali? Ukikubali tunazitoa kwenye zako."

Dada, nilinyamaza muda mrefu, ulihesabu mwenyewe. Sitasema nilikuwa nawaza kitongoji. Nilikuwa nawaza mahindi ya bondeni. Ni sehemu pekee ambayo mvua ikikatika bado mtu anavuna kitu, na nimeilima miaka kumi na tisa, nimeizoea mpaka nikasahau nimeazimwa. Yule bwana wa kwanza aliponiuliza ukubwa wa shamba langu nilisema ekari tano. Sikupotoshwa na mtu, wala hakuna chungwa lililooza juu ya maneno yako. Niliyasoma yote tangu siku ya kwanza, nikajifanya yamefutika. Nimeona aibu kuyaandika haya na nimeyaandika.

Nilisema nakubali kwa kuwa ulikuwa unanitazama kama mama alivyokuwa akitutazama tukimkatalia jambo. Ndipo watu wote wakaanza kupiga kelele waandikwe na wao kwa majina yao, na Bi Efrazia akasema nafasi ya shahidi ni moja tu na imeshajaa.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Wiki iliyopita majibu yametoka. Mdoe amethibitishwa kuwa yupo. Amepongezwa. Na kwa kuwa ana ekari mia mbili na kumi na mbili, yeye ni mkulima mkubwa, na ruzuku ni ya wadogo, kwa hiyo hapati hata kilo. Kitongoji cha Kwamdoe kina mkulima mdogo mmoja tu anayestahili, naye ni Mwantumu binti Sadala, ekari mbili, mifuko minne. Sabiri aliusoma ule ujumbe mara tatu, kisha akanirudishia simu yangu, akaenda kulala mchana.

Uandikishaji mpya ni mwezi wa saba. Sabiri ameanza kuwafundisha watu kila baada ya sala ya alasiri. Anasimama mbele, anauliza, "Shamba liko kwa nani?" na wote wanatakiwa kujibu, "Kwangu." Mpaka leo nusu yao bado wanajibu Kwamdoe.

Mvua imeanza juzi. Mifuko yako iko Mkata kwa wakala, inangoja kidole chako. Watu wamenituma nikuombe, maana mahindi yakiota bila kitu chini yatakuwa ya njano. Nimewaambia mimi sina uso wa kukuomba. Wamesema niandike hivyohivyo.

Muhidini


Mazinde
6 Aprili 2025

Muhidini mdogo wangu,

Marahaba, na Eid yenu iwe ya heri. Huku tulikula vizuri, Bernadina alipika pilau pamoja na mimi ingawa sikukuu si yake. Tulilia kidogo tukiwa tunamenya vitunguu na tukavisingizia vitunguu.

Hukulielewa vibaya. Ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimekuja na maneno mengine kabisa. Njia nzima kutoka Mazinde mpaka Mkata nilijipanga kusema kwamba simjui Mdoe, huyu ni Muhidini, na amenipora. Nilipofika nikawaona watu wote wale wamekaa chini wananitazama, na wewe na ile fulana, tumbo liko nje. Nikashindwa. Kwa hiyo nikasema uongo wenu mmoja na ukweli wangu mmoja, na mashine ikavikubali vyote viwili.

Sikuondoka kwa hasira ya shamba. Shamba ulikuwa umeshanirudishia mbele ya watu, hata kama ilikuchukua muda wa kuchemka chai. Niliondoka kwa sababu miezi yote hii, katika barua zako zote, uliniambia habari za goti, za mbuzi, za Mdoe, na hukuniuliza hata mara moja ninalala wapi. Nilikwambia mwenyewe kwamba ni stoo, nikaja, nikasimama mbele yako, na bado hukuniuliza. Ulifurahi kwamba nimefika kwa wakati. Hicho ndicho kilichoniuma, na bado kinaniuma ninavyoandika.

Ekari tano nimezisikia. Asante kwa kuziandika kwa mkono wako.

Mbolea yangu itakwenda hivi. Mifuko miwili ni ya bondeni na sitaki mjadala. Miwili iliyobaki itafunguliwa hapo ghalani na igawanywe kwa kopo, nyumba kwa nyumba, waanze wajane na Mzee Mdoe Kilo, ambaye mmemdhalilisha bila kosa. Najua kopo moja halitoshi kitu. Watie kwenye mashimo yaliyo karibu na mlango, angalau hayo wayaone yakiwa ya kijani. Wewe utakuwa wa mwisho kwenye foleni, na mbolea ikiisha kabla hujafika, imeisha.

Nakuja Jumamosi na vitu vyangu vyote, si vingi. Bernadina amenipa kuku wawili, mmoja ni yule mwenye fujo. Mpaka nijenge bondeni nitakaa kwenu, na nitalala kwenye chumba chenye dirisha. Mwambie mama Ikram namletea dawa ya goti.

Nitashuka Mkata saa sita mchana. Njoo unipokee wewe mwenyewe, Muhidini. Usimtume Mdoe.

Dada yako,
Mwantumu binti Sadala, mkulima